Re: Pumu ya dada haitulii na inhela anatumia kila siku, shida nini?

Mkuu, hapo kwenye "kila siku" ndo penye tatizo lenyewe. Ile inhela ya bluu, salbutamoli, inafungua tu njia ya hewa kwa masaa machache, uvimbe wa ndani haiugusi kabisa, kwa hiyo mtu anapata nafuu anajiona yuko poa kumbe ugonjwa unaendelea kimyakimya. Akimaliza inhela 3 au zaidi kwa mwaka hiyo tayari ni dalili mbaya, na tangu 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, unasema mtu asitibiwe kwa hiyo peke yake, lazima apate na steroidi ya kuvuta, yaani dawa inayotuliza huo uvimbe.

Halafu mwangalie anavyoivuta, wengi wanabonyeza kabla hawajaanza kuvuta pumzi, dawa nyingi inaishia kwenye ulimi. Na je, nani anavuta sigara humo ndani, au mnapikia kuni, au ukuta una fangasi? Uzito mkubwa na mafua ya aleji nayo yanachangia.

Ila tusimlaumu mgonjwa tu bana. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema pumu iliua watu kama 455,000 mwaka 2019, wengi nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, ambako ya bluu inapatikana kirahisi ila ya steroidi haipo au bei haishikiki. Hata Marekani watu weusi wanakufa kwa pumu zaidi ya weupe, nyumba mbovu na hewa chafu zina mkono wake.

Aende kliniki na inhela yake, avute mbele ya daktari. Akianza kuongea kwa kukatakata maneno msisubiri kukuche, mkimbizeni hospitali.