Shuka Njiani: Siku Nne Kutoka Mombasa Hadi Taveta

Juzi niliweka picha ya mamangu amekaa chini ya mbuyu kule Taru, viatu kavivua, na msomaji mmoja akaniandikia: "Dada, naomba ratiba ya safari yenu, saa kwa saa, nami niwapeleke wangu Desemba. Gari langu ni dogo, sijui kama litafika." Ratiba sina. Ningekuwa nayo, picha ile isingepigwa.

Tulitoka Kisauni alfajiri ya Alhamisi, likizo ya Agosti: mimi, mume wangu, mamangu na watoto wawili. Tulikuwa twenda Taveta kwa mama mkwe. Kilomita hazifiki 300, na dereva mwenye haraka hunywa chai Mombasa akala chakula cha mchana huko. Sisi tulifika Jumapili jioni.

Nisifiche, safari hii ilipingwa. Kakangu aliandika kwenye kundi la familia, watu wote wakisoma, kwamba namchosha mama bure kwa kutaka picha. Maneno yale hayajanitoka moyoni. Yeye hakuwahi kukaa na mama kwenye basi tukipita Taru, mama akiegemea dirisha na kusema taratibu, "Pale ndipo kwa mjomba wenu," na pale penyewe pameshabaki nyuma. Miaka zaidi ya kumi nimeisikia "pale ndipo" hiyo, na sikuwahi kumwambia dereva atushushe.

Kwa wengi wetu wa Mombasa, nyika ya Taru ni mahali pa kulala usingizi. Ukishapita mizani ya Mariakani minazi inakwisha, vichaka vya miiba vinaanza, kijivu kushoto na kulia, na ukifumbua macho uko Voi. Wazungu waliiandika jangwa kwenye ramani zao. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipoivuka na wapagazi wake mwaka 1883, misafara ilitegemea maji ya mvua yanayobaki kwenye mashimo ya mwamba, ngurunga. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, vibarua ilibidi wapelekewe maji kwa treni, na wanyama wa kubeba mizigo walimalizwa na mbung'o. Ndiyo nyika ambayo mamangu alizaliwa.

Hatukupiga simu. Mama alisema tukipiga watachinja, na mbuzi mwaka huu ni wachache. Tukaiacha lami, tukafuata njia ya mchanga mpaka uani. Mke wa mjomba alikuwa anapepeta mahindi. Alipomwona mama akishuka garini ungo ulimponyoka, na kabla ya salamu akauliza: "Nani amekufa?"

Mama akamkumbatia. "Hakuna aliyekufa, wifi yangu. Tumekuja kuwaona tu."

Yule mama akaketi pale pale kwenye mahindi akalia. Mimi nilibaki nimeshika mlango wa gari. Nilihesabu: mara tatu za mwisho tulizofika pale, zote zilikuwa mazishi. Tumewazoesha watu wetu kuogopa magari yetu.

Tulikuwa tumepanga kunywa chai, saa moja tu. Tuliondoka kesho yake alasiri. Mjomba aliwachukua watoto hadi ngurunga. Msimu ule maji yalikuwa kidogo tu chini kabisa, rangi ya majani ya chai, nyuki wameyazunguka. Hapo ndipo mama alipoanza kusimulia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiteremshwa humo, kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote, akichota kwa kata, na kakake juu akipokea mpaka kibuyu kijae. Mjomba akamrekebisha: vibuyu vilikuwa viwili, na kimoja ulikivunja wewe. Wakabishana kama watoto. Nimeishi na mamangu miaka 38 na hadithi hiyo sikuwa nayo. Jioni tulikula sima na mchunga na maziwa ya mgando, tukalala kwenye mikeka nje, na picha ile niliipiga asubuhi yake.

Kwa hiyo dada yangu, ushauri wangu wa kwanza: usimtajie mtu saa ya kufika. Mama mkwe tulimwambia "mwisho wa wiki" na hatukuongeza neno. Ukishataja saa, kila nyumba ya njiani inakuwa kizuizi, na utakunywa chai ya watu ukiangalia simu.

La pili ni maji, na hili nalisema kwa mkazo. Sisi tulibeba lita 40, nusu yetu na nusu ya nyumba tutakazoingia. Usiende nyumba ya nyika ukanywa maji ambayo binti wa watu ameyafuata kwa miguu, halafu ukaondoka ukisifu ukarimu. Weka pia unga, sukari na majani ya chai kwenye buti kabla hujatoka, maana hujui utaingia kwa nani.

La tatu, usiendeshe usiku. Malori ya barabara ile hayana huruma. Sisi ikifika saa kumi na mbili jioni tumeshaegesha.

Kwenye kimji cha Mackinnon Road tulisimama kwa sababu ya mtoto kubanwa na mkojo, tukajikuta tumekaa saa nzima kwenye kivuli cha msikiti alipozikwa walii Sayyid Baghali, kando ya reli. Madereva husimama pale kuomba dua ya njia. Mmoja wa lori alimwombea mama bila hata kumuuliza jina. Voi tulilala tu. Mwatate wifi yangu alitupikia kimanga, chakula cha Wataita, akakataa tusiondoke mpaka tule tena asubuhi, tukala.

Baada ya Maktau barabara inapita ndani ya Tsavo Magharibi. Tembo walikuwa kando, wekundu kwa udongo wa huko, na watoto waliwahesabu 11. Tulizima injini tukakaa tumefunga vioo. Mbele kidogo mume wangu alituonyesha kilima cha Salaita, walipopigana Waingereza na Wajerumani Februari 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa mara ya kwanza akawaambia wanawe kwamba kuna babu wa ukoo wao aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ile na hakurudi. Nimeolewa kwao miaka 14. Tumepita kilima kile mara ngapi, tukikimbilia kufika?

Watu wanaweka akiba miaka kwenda kuona majangwa ya nchi za mbali, na nyika yao wenyewe wanaivuka wamelala. Tuamke, jamani. Wazee wanaondoka, na wanaondoka na vibuyu vyao viwili.

Kakangu hajaandika kitu tangu turudi. Mjomba anapiga kila Ijumaa.

Na lile swali lako la gari dogo: linafika. Mombasa hadi Taveta ni lami, mafuta ongeza Voi. Njia ya kuingia kwa mjomba pekee ndiyo ina mchanga. Tulikwama mara moja kwenye mto mkavu, vijana wa hapo wakatusukuma. Walikataa pesa, wakaomba maji.