Mama Mkwe Haondoki

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu, miaka 52, alipata kiharusi mwezi Machi. Upande wa kulia umepooza na hasemi. Nimekubali kwamba Mungu ana kusudi katika mateso haya. Kila Jumatano niko kwenye maombi ya kufunguliwa na Ijumaa nakesha. Dawa za presha tulizisitisha kwa imani baada ya kutabiriwa uponyaji. Shida ni mama yake, aliyekuja kutoka Iringa mwezi Juni. Amewafukuza watumishi waliokuja kumwombea, eti wamempalia kwa maji ya upako. Mume naye haonyeshi ushirikiano: nikiomba anageukia ukutani, kwaya ikiimba redioni analia. Ana kidonda kidogo tu kiunoni. Nifanyeje mama mkwe aondoke? Kutoamini kwake kunazuia muujiza. Na Mungu anataka kunifundisha nini? – Mwenye Mzigo, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umechoka, umeogopa, na hakuna aliyekuandaa kwa haya. Pole hiyo naitoa mara moja tu, maana barua yako ina mambo yasiyosubiri.

La kwanza ni dawa. Aliyepata kiharusi kimoja yuko karibu na cha pili, na presha isiyotibiwa ndiyo inayokileta. Leo hii apimwe, na umwambie daktari bila kona dawa ziliachwa lini. Usimpe dozi mbili kufidia siku zilizopita, wala usiazime vidonge vya jirani. Presha haiumi, ndiyo maana inadanganya watu: mgonjwa anaonekana nafuu, ushuhuda unatolewa, kumbe mishipa inaelemewa kimyakimya.

La pili ni hicho "kidonda kidogo tu". Mtu hapati kidonda kiunoni kwa bahati mbaya. Amelalia sehemu moja saa nyingi, damu ikakosa kupita, nyama ikafa kuanzia ndani. Juu unaona kitu cha ukubwa wa sarafu, chini yake panaweza kuwa shimo. Sasa nikuulize: Ijumaa usiku, wewe ukiwa mkeshani, nani anamgeuza? Barua haisemi. Mama wa mtu wa miaka 52 anakaribia sabini, kama hajaipita, na nina hakika ndiye anayeinama juu ya kile kitanda saa nane za usiku. Halafu huyo ndiye unayetaka aondoke.

Ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kunja shuka imara, ipite chini yake kutoka mabegani hadi mapajani, mmoja ashike upande huu na mwingine ule, mnyanyueni kwa pamoja. Msimburute, ngozi ikisuguana na godoro inachubuka. Mlazeni ubavu nusu, mto nyuma ya mgongo, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa kitu. Kila mkimgeuza kagueni kiuno, nyonga na visigino. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujionyeshi vizuri, kwa hiyo gusa: mahali penye joto au ugumu kuliko pembeni yake ndipo panapoanza. Hapo usipakande, usipake spiriti, muondoe tu asipalalie. Yule mpira wa duara wanaouza wa kukalia achana nao, unabana damu pembezoni. Kidonda kilichopo mhudumu wa afya akione wiki hii. Kikinuka, kikiwa cheusi au homa ikipanda, ni siku hiyohiyo.

Sasa maji ya upako. Kiharusi hulegeza koo, na maji matupu ni mepesi, yanakimbia kabla koo halijajifunga. Ukimmiminia mtu aliyelala chali, yanaingia mapafuni, kisha inakuja nimonia, ambayo huua wagonjwa wengi wa kiharusi. Kile kikohozi pengine mliambiwa ni pepo linakataa. Hakuna pepo pale, ni koo. Mama mkwe wako alipowatoa nje alimwokoa mwanawe, na mimi niko upande wake waziwazi. Akila akae wima, kidevu kishuke kidogo, uji mzito kwa kijiko cha chai, upande wa kushoto wa mdomo ulio hai. Subiri ameze ndipo uongeze. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, acha. Akimaliza, abaki amekaa nusu saa. Na daktari amwangalie anavyomeza.

Na kama kuna aliyemvuta ule mkono wa kulia akisema "simama", asirudie. Bega lililopooza halina misuli ya kulishika, linateguka. Najua watanitajia Petro kwenye Matendo 3, aliyemshika kiwete mkono wa kuume akamwinua. Yule alikuwa kilema wa miguu, mikono yake ilikuwa mizima.

Unasema haonyeshi ushirikiano. Amepooza kulia, maana yake imeumia nusu ya kushoto ya ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko iliko lugha. Kutosema siyo kutoelewa. Ubongo ulioumia pia huweza kupoteza breki ya kilio, hivyo machozi hutoka bila ruhusa. Na huzuni halisi baada ya kiharusi ipo, nayo ina matibabu, itaje kliniki. Kuhusu ukuta, soma Isaya 38. Mfalme Hezekia, alipougua, aligeuza uso ukutani, na huko ndiko alikoomba. Akaongezewa miaka 15, na bado Isaya huyohuyo aliyeleta ahadi akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa katika sura moja, na nabii hakuona aibu.

Unauliza Mungu anataka kukufundisha nini. Swali lako lina "mimi" nyingi kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa "Neema yangu yakutosha", lakini huo ulikuwa mwiba wake mwenyewe. Trofimo, mwenzake wa safari, alipougua, Paulo hakumwandikia funzo. Alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, akalisema hivyo bila kona kwenye 2 Timotheo 4. Rafiki zake Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa chini kimya. Walipoanza kueleza maana ya mateso ndipo wakamkasirisha Mungu. Maana ya ugonjwa huu mwenye haki ya kuisema ni mumeo, tena akipenda. Wewe lako ni 2 Wakorintho 1: kufariji. Na faraja huanza na shuka kavu.

Hapa nitatoka nje ya barua kidogo. Ndoa za siku hizi kamati inakaa miezi, michango inakusanywa, kicheni pati inafundisha kila kitu kuanzia masufuria hadi kiuno, wala hakuna kungwi anayemwonyesha bibi harusi namna ya kumgeuza mtu mzima bila kujivunja mgongo. Madhabahuni tunasema "katika shida na raha", kisha shida ikija tunaipiga picha kitandani tunaweka status tuombewe. Kama umeshaweka ya mumeo, ifute. Ana macho, anaona.

Ukitaka kuomba naye, mpe kwanza ishara: abane kidole chako kwa mkono wa kushoto, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Muulize kama anataka sala leo. Akikataa, umekataliwa. Akikubali, iwe fupi, na mwanze na Baba Yetu au wimbo aliokua nao kanisani. Wengi waliopoteza usemi hutoa maneno ya sala na nyimbo za zamani wakati jina la mke haliji. Likitoka neno, usipige kelele za shangwe, endelea naye.

Mama mkwe anabaki. Jumatano nenda maombi yako. Ijumaa usiku ni zamu yako, yeye alale. Watumishi wakitaka kurudi, waje wawili, mchana, wapake mafuta kwenye paji la uso kama Yakobo 5 inavyowaruhusu, na kabla hawajaondoka mmoja ashike shuka upande wa pili.