Maonyesho ya fasihi ya watoto: punguza vitabu, shusha mbao

Msomaji wetu wa Jinja, Uganda, anaandaa maonyesho ya fasihi ya watoto wakati wa likizo, na anauliza kama vitabu 200 vitatosha. Vitatosha kuujaza ukumbi, ila maonyesho ni jambo jingine. Majalada 200 yaliyopangwa mezani ni duka lisilouza kitu. Chagua hadithi 5 au 6, kila moja ipate kona yake, na kila kona iwe na cha kusomwa, cha kushikwa na cha kufanywa.

Chukua hadithi ya Kintu na Nambi, mtu wa kwanza na mkewe katika masimulizi ya Waganda. Kurasa 4 zilizokuzwa zinatosha, pamoja na kipande cha mbugu (kitambaa cha gome la mti) cha kupapasa na ulezi, ule Nambi aliourudia kwa ajili ya kuku wake. Ulezi utie kwenye chupa ya plastiki na kifuniko ukigandishe kwa gundi, maana mtoto wa miaka 2 ataupeleka puani.

Sasa vipimo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtoto wa miaka 5 ana urefu wa kama sentimita 110. Macho yake yako karibu sentimita 100 kutoka sakafuni. Ukitundika picha kwa kipimo cha watu wazima, sentimita 145 hadi 150, umemlazimisha kutazama dari. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ilaze kwa ubavu: unapata ukuta wa sentimita 122, na mzazi anachungulia juu yake kuona mwanawe yuko wapi. Ukingo wa juu pigilia ubao mwembamba ulioinama, ubandike maelezo ya mzazi, maneno yasiyozidi 50 kwa herufi za pointi 24. Usiweke miguu inayochomoza, watoto watajikwaa. Unganisha plaiwudi mbili kwa bawaba zikae kwa pembe, zitasimama zenyewe. Kingo zipige msasa. Kisha piga magoti utazame: karatasi yenye plastiki ya kung'aa ikipigwa na taa, mtoto haoni picha, anaona weupe tu. Omba plastiki isiyong'aa.

Vitabu vya kushikwa viwe nakala 3 kwa kila hadithi, moja ikae akiba. Usivifunge kwa kamba. Kikivutwa, uti unakatika. Beseni la kunawia mikono liwe mlangoni.

Kusoma kwa sauti ndiko moyo wa shughuli yote. Dakika 15 kila saa, mkekani, watoto wasiozidi 20 kwa msomaji mmoja, mbali na meza ya kuchora kwa sababu ya kelele. Zungusha lugha: Lusoga, Luganda, Kiswahili, Kiingereza, na saa za kila lugha zibandikwe nje. Bati likipigwa na mvua msomaji hasikiki, kwa hiyo karatasi na krayoni ziwe tayari. Projekta isiwe tegemeo, umeme ukikatika kona nzima imekufa.

Kukuza picha za kitabu kunahitaji idhini ya mwenye haki. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda mchoraji pia. Andika barua mapema. Kama muda umekwisha, tumia hadithi za African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya hadithi za watoto, ambazo zina leseni huria, nyingine kwa Kiswahili na Luganda. Soma leseni ya kila hadithi na utaje mwandishi na mchoraji pale pale chini ya picha.