Nilichanja wengine, mwenyewe nikasita

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya wilayani Kongwa. Chanjo ya UVIKO-19 ilipofika mwaka 2021 nilipangwa kwenye timu ya huduma ya mkoba, nikawa ninachanja watu siku za mnada ilhali mwenyewe sijachanja. Niliogopa habari za damu kuganda, na kila nilipomuuliza mkubwa wangu wa kazi alinijibu kwamba muuguzi hapaswi kuuliza maswali ya mtaani. Siku moja bibi mmoja alinishika mkono kabla sijamchoma, akaniuliza, "Na wewe sista, umeshachanja?" Nikamjibu ndiyo. Nilichanja miezi mitano baadaye, lakini uongo ule haujanitoka moyoni. Sasa ninasimamia wauguzi vijana. Likija janga jingine nao wakasita, niwaambie nini?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kusita kwako sikuhesabu kuwa kosa. Kumbuka tulikotoka: mwanzoni mwa Februari 2021 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba haina mpango wa kupokea chanjo hizo, na wodini tulikuwa tukizungumza habari za kujifukiza, tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani, na watumishi wa afya tukawekwa katika kundi la kwanza pamoja na wenye umri wa miaka 50 na zaidi na wenye magonjwa sugu. Kwa miezi sita tu muuguzi alitakiwa kugeuka kabisa, bila mtu kuketi naye kumweleza kilichobadilika. Ndiyo maana wengi walipoambiwa "nyinyi mtangulie" walisikia kwamba wanafanyiwa majaribio.

Hata swali lako la damu kuganda halikuwa la mtaani. Chanjo ya kwanza kutufikia, ile ya Johnson & Johnson ya dozi moja, ilikuwa imesimamishwa kwa siku kadhaa nchini Marekani mwezi Aprili 2021 kwa sababu hiyohiyo. Hadi Machi 2022 nchi hiyo ilikuwa imethibitisha watu 60 waliopata tatizo hilo, 9 kati yao wakafariki, katika dozi zaidi ya milioni 18. Na waliopata walikuwa zaidi wanawake ambao hawajafikia miaka 50, yaani wa rika lako. Mkubwa wako angekueleza hivyo, ungepima mwenyewe hatari ndogo ya sindano na hatari ya kuingia kila zamu kwa wagonjwa wanaokohoa, na naamini ungechanja mapema. Alikunyamazisha, nawe ukabaki na hofu isiyo na kipimo. Linaniuma, kwa kuwa nimefundisha wauguzi hapa Dodoma miaka mingi na nimeona wengi wakinyamazishwa hivyo.

Kosa lilikuwa kwenye jibu ulilompa bibi. Na ukweli ungekusaidia kuliko uongo, kwa sababu hesabu yake haikuwa hesabu yako: kwa mtu wa umri wake UVIKO-19 ilikuwa ugonjwa wa kuua, na tatizo la damu liliwapata zaidi walio wadogo kwake. Ungemwambia, "Bado, bibi, kuna jambo ninalifuatilia kuhusu wanawake wa umri wangu, lakini kwa umri wako ninakushauri uchanje," angekuwa amepata ushauri wa kitaalamu na amejua kwamba hafichwi.

Kwa vijana wako, usingoje janga. Anza na chanjo ya homa ya ini B, ambayo kila mshika sindano anaihitaji, na uwaulize ni wangapi wamemaliza dozi zote tatu na waliokatisha walikatishwa na nini. Hapo utawafahamu wenye hofu, wenye uvivu, na waliofika wakakuta chanjo imekwisha. Hao hawatibiwi kwa maneno yaleyale. Chanjo mpya ikija, kaa nao siku chache kabla ya kuwapanga, mlango ukiwa umefungwa, kila mmoja aseme alichosikia, hata kama ni habari ya ugumba, na usimcheke yeyote. Swali usiloliweza liandike, ulipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya, na urudi na jibu hata likiwa halipendezi. Anayesita bado asishikishwe sindano. Mpe kazi ya kuandikisha mpaka ajibiwe. Najua upungufu wa watumishi utakubana, lakini usimlazimishe muuguzi kusimama pale uliposimama wewe. Wasimulie pia habari yako yote, pamoja na ile miezi mitano.

Kuhusu bibi, kama yu hai, mtembelee siku usiyo na zamu, umwambie kwamba siku ile ulikuwa bado hujachanja. Akitaka kujua kwa nini, mweleze kama ulivyonieleza mimi.