Maswali yenu: Stokowski, Mpolandi wa London

Juma lililopita nililitaja kwa kupita tu jina la Leopold Stokowski, aliyeongoza orkestra (kundi kubwa la wapiga ala) na kwaya tangu enzi za taa za gesi hadi enzi za televisheni. Maswali yakamiminika. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

*Kondakta ninayemjua mimi ni wa daladala. Huyu wa orkestra anafanya nini zaidi ya kupunga mikono?* (Msomaji, Morogoro)

Mwalimu wa kwaya akiwanyooshea besi kidole, kisha akafumba ngumi na kanisa zima likanyamaza, amefanya kazi hiyohiyo. Wa orkestra ana watu kama mia mbele yake, na sehemu kubwa ya kazi huwa ameshaimaliza kwenye mazoezi. Nauli hadai.

*Alikuwa Mpolandi kweli? Nimesoma kwamba jina lake halisi ni Stokes.*

Hilo la Stokes ni uvumi. Alizaliwa London tarehe 18 Aprili 1882, na cheti cha kuzaliwa kinasema Stokowski. Baba yake alikuwa fundi seremala wa fanicha mwenye asili ya Polandi. Mama yake alikuwa na asili ya Ireland. Damu ya Kipolandi ilikuwemo, basi, lakini kwa upande wa baba tu, na aliyetoka huko hasa alikuwa babu.

Ila mzee hakutosheka na hiyo nusu. Amekulia London, lakini alizungumza kwa lafudhi ya Ulaya Mashariki ambayo hakuna aliyejua ameiokota wapi. Mara aseme kazaliwa Kraków, mji wa Polandi, mara ajipunguzie miaka mitano. Alipenda pia kusimulia jinsi babu yake alivyompeleka kwenye kilabu cha Wapolandi, akaona fidla kwa mara ya kwanza. Hadithi tamu, ila babu huyo alifariki mwaka 1879, miaka mitatu kabla mjukuu hajazaliwa!

Mimi simwiti tapeli. Zama zile, wapenda muziki wa Marekani waliamini mwanamuziki wa kweli lazima atoke bara Ulaya. Mke wake wa kwanza, mpiga piano Olga Samaroff, jina linanukia Urusi, alikuwa binti wa Texas aliyezaliwa Lucy Hickenlooper. Nyumba nzima ilikuwa jukwaani.

*Sisi wanakwaya tuna cha kujifunza kwake?* (Mwimbaji wa alto, Nakuru)

Kipo, dada yangu, maana alianzia kwenu. Alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya kanisani London, na mwaka 1905 akavuka bahari kwenda kufanya kazi hiyo katika kanisa la St. Bartholomew's, New York. Orkestra ya kwanza kukabidhiwa ilikuwa ya Cincinnati, mwaka 1909; ya Philadelphia akaichukua mwaka 1912. Tarehe 2 Machi 1916 aliongoza huko Simfoni ya Nane ya mtunzi Mahler, kazi ndefu ya orkestra na kwaya, mara ya kwanza kusikika Marekani. Waimbaji na wapiga ala walikuwa 1068. Fikiria tu kuwapanga kwa sauti.

Halafu kuna jambo la upinde. Katika orkestra nyingi wapiga fidla huvuta na kusukuma upinde pamoja, kama askari wa gwaride. Yeye aliwaachia kila mmoja ageuze kwa wakati wake, sauti isikatike. Ninyi mnaijua mbinu hiyo: kwenye noti ndefu mwalimu huwaambia msivute pumzi wote kwa mpigo. Naamini aliibeba kutoka kwenye kwaya na kinanda, ingawa wachambuzi husifu zaidi mikono yake mitupu, kwani fimbo ya kuongozea aliiacha.

*Ni kweli alipeana mkono na Mickey Mouse?*

Kweli, yule panya wa katuni za Disney, katika filamu ya Fantasia ya mwaka 1940.

*Polandi yenyewe ilifaidika nini naye?* (Msomaji, Arusha)

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mwaka 1924 aliwasikilizisha Wamarekani kwa mara ya kwanza konserto ya kwanza ya fidla (fidla moja ikiongoza mbele ya orkestra) ya Szymanowski, mtunzi wa Kipolandi. Mtunzi Andrzej Panufnik alipoikimbia Polandi ya kikomunisti mwaka 1954, muziki wake ulipigwa marufuku kwao. Stokowski akaubeba: simfoni yake Sinfonia Elegiaca huko Houston, Marekani, mwaka 1957, na mwaka 1970 Universal Prayer, kazi ya kwaya, katika kanisa kuu la St John the Divine, New York. Alikuwa na miaka 88. Lafudhi unaweza kuigiza. Mazoezi ya kazi ngumu kama ile, katika umri ule, huigizi.

*Alistaafu lini?*

Hakustaafu. Akiwa na miaka 94 alitia saini mkataba wa kurekodi wa miaka sita. Alifariki Septemba 1977, kijijini Uingereza, akazikwa London. Kraków hawakupata hata kaburi.