Kigari cha Corvair kilichopinda: nunua, ila usikinyooshe

Mkuu, umeuliza kama kile kigari cha plastiki cha Chevrolet Corvair ya 1960 unachouziwa ni feki kwa kuwa kimepinda. Naishi Michigan, nina Corvair yenyewe ya 1964 gereji na vigari vinne kabatini, na hasara nimeshazila.

Kupinda si dalili ya feki. Vigari hivi vya matangazo, yaani vilivyotengenezwa ili wauza magari wawaonyeshee wateja, ukivikuza mara 25 ndiyo unapata gari lenyewe (kigari cha Corvair kinatoka kama sentimita 18), na enzi zile vilitengenezwa kwa plastiki ya asetati. Hiyo husinyaa na kujikunja yenyewe kadiri miaka inavyokwenda, hata kigari kikikaa ndani ya boksi lake. Changu kimeinua mkia kama nge. Nilijaribu kukinyoosha kwa maji ya moto, nguzo ya kioo cha mbele ikapasuka. Tangu siku hiyo nakiacha na kibiongo chake, mbali na dirisha.

Cha kuogopa ni vile vya kuunga kwa gundi, ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe. Kampuni kama AMT ziliuza vya kuunga madukani, na vingine vilivyokamilika vikaenda kwa wauza magari. Niliuziwa cha kuunga kwa bei ya cha matangazo, aliyeniuzia akiapa kabisa. Sasa nakigeuza kwanza. Cha matangazo kina sakafu ya kipande kimoja, mara nyingi imekazwa kwa skrubu, mfuniko wa injini haufunguki (kwa Corvair uko nyuma, usije ukatafuta injini mbele), na hakuna tone la gundi popote. Halafu rangi. Wauza magari walimwonyesha mteja rangi za mwaka huo kwa vigari hivi, kwa hiyo rangi ambayo Chevrolet haikuwa nayo 1960 inatia shaka. Kilichopigwa rangi upya mimi sikigusi.

Na ukinogewa ukataka Corvair lenyewe, angalia upepo wa tairi. La 1960 liliagizwa psi 15 mbele na 26 nyuma, maana uzito wote wa injini uko nyuma. Wengi walijaza sawasawa kama magari mengine, kwenye kona mkia ukawatoka. Mkanda wa feni nao unakunja kona kwenda juu ya injini, kwa hiyo unaweza kuchomoka. Tembea na wa akiba.

Hicho chako, omba picha ya chini. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, mwachie mwenyewe.