Usipakie hizo picha 600 kwa mkupuo

Mkuu, acha kwanza. Umesema una picha 600 zilizotengenezwa na akili bandia (AI) tayari kwenye folda, unataka kuzipakia zote wikiendi hii kwenye masoko ya mtandaoni ya kuuza picha, na unauliza soko lipi linalipa vizuri na kila picha uiwekee maneno muhimu mangapi ya kuitafutia. Usiguse kitufe kabla hujasoma haya.

Mimi nilipakia 400 kwa siku mbili. Zote zilitoka kwenye prompti (maelezo unayoiandikia AI) kama 20 tu: muuguzi anatabasamu, muuguzi anatabasamu akitazama kushoto, muuguzi yuleyule kavaa koti la bluu. Kuna jamaa anauza kozi mtandaoni, ndiye aliyetuaminisha kwamba wingi ndio pesa, eti mkaguzi wa soko akikataa nusu, nusu iliyobaki inakulipa. Uongo ule niliununua kwa hela yangu, na mpaka leo anawalisha watu yaleyale. Inaniuma sana, maana yeye anaishi kwa ada za kozi, hauzi picha.

Zikaanza kurudi moja baada ya nyingine: hii inafanana na uliyokwisha kuleta, hii ubora haufai. Wiki ya pili ikaja barua pepe fupi, akaunti imefungwa kwa kujaza picha zinazojirudia. Na akaunti hiyo ndiyo iliyokuwa na picha zangu za kamera za miaka mitatu, zile za kuamka alfajiri kuvizia mwanga, zilizokuwa zinauzika polepole kila mwezi. Zikaenda pamoja. Nilikata rufaa mara mbili, jibu likawa lilelile.

Hapo ndipo nikazifungua na kuzitazama kwa asilimia 100, yaani kwa ukubwa wake kamili, kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Mpira wa stetoskopu unazama kwenye kola ya muuguzi na hautokei upande wa pili. Kwenye picha ya piano, vitufe vyeusi vimepangwa vinne vinne, wakati piano huenda viwili, nafasi, vitatu. Bango la nyuma lina herufi zisizo za lugha yoyote. Kwenye simu huoni hata kasoro moja, lakini mnunuzi anayeiweka picha kwenye tangazo kubwa anaziona zote.

Halafu ukubwa. Programu nyingi za AI hutoa picha ya pikseli 1024 kwa 1024, karibu megapikseli 1. Soko la Adobe Stock wanataka angalau megapikseli 4, kwa hiyo itabidi uikuze maradufu kila upande, na kasoro zinakua nayo. Ngozi iliyokuwa na ukungu kidogo inageuka nta.

Kwenye masoko mengine, Getty Images walifunga mlango kwa picha za AI Septemba 2022, na Shutterstock hawazipokei kutoka kwa wachangiaji, yaani wapakiaji kama sisi. Adobe Stock wanapokea, ila tia tiki kwenye kisanduku cha kutamka kwamba ni ya AI, hata ukiambiwa inapunguza mauzo. Jina la msanii mwingine usiliandike popote, si kwenye prompti wala kwenye maneno muhimu.

Wazo moja, picha moja. Ifungue asilimia 100, anza kona ya juu kushoto, shuka taratibu kama unasoma ukurasa: vidole, masikio, maandishi, vivuli. Kasoro usiyoweza kuirekebisha, futa picha. Zikibaki tano kwa wiki, peleka hizo tano.

Pitia 20 za kwanza leo usiku, kisha rudi hapa uniambie zimebaki ngapi.